"Mama, imetuona": kwa nini Jason and the Argonauts haichakai

Nianze na Talos, kwa sababu kila ninapoiweka filamu hii moyo wangu unamsubiri yeye.

Mabaharia wa Jason wameteremka kisiwani kutafuta maji na chakula. Wameonywa mapema: msichukue kitu kingine chochote. Bondeni kuna masanamu makubwa ya shaba, kila moja juu ya jengo lake. Hercules na kijana Hylas wanaingia katika jengo mojawapo, ndani mna hazina ya miungu, na Hercules anatoka na pini ya nguo iliyo ndefu kama mkuki. Nje kimya. Juu yao sanamu, Talos mwenyewe, imepiga goti na upanga wake, vilevile kama walivyoiacha. Halafu shaba inalia, mlio ule wa bawaba iliyokaa miaka bila mafuta, na kichwa kinageuka. Polepole. Kinainama, kinawatazama.

Siku nilipomwonyesha binti yangu wa miaka 10 kwa mara ya kwanza, hakupiga kelele wala hakufunika macho. Alinishika mkono akanong'ona, "Mama, imetuona."

Hakusema imewaona. Nimelitafakari sana neno lake. Mtoto huyu amekulia kwenye filamu za kompyuta, ameshaona majoka yakiteketeza miji mizima huku anakula bisi. Hapa ilitosha shingo kugeuka, na akajihesabu miongoni mwa walioonwa.

Filamu ilitoka 1963. Mwongozaji ni Don Chaffey na mtayarishaji Charles H. Schneer, lakini wanaoipenda hulitaja kwanza jina la Ray Harryhausen, aliyewatengeneza viumbe wake wa ajabu na kuwapa mwendo. Ina dakika 104. Hadithi ni ya kale ya Wagiriki: Jason, ambaye ufalme wa baba yake umenyakuliwa, anakusanya mashujaa, anapanda merikebu iitwayo Argo na kwenda hadi nchi ya mbali ya Colchis kuileta Ngozi ya Dhahabu. Miungu inaitazama safari hiyo kutoka juu na kuichezea kama mchezo wa ubaoni, huku mungu wa kike Hera akimsaidia Jason kupitia sanamu yake iliyochongwa kwenye tezi ya merikebu.

Mimi ni fundi cherehani, na filamu hii naipenda kwa jicho la fundi. Nikishika nguo, kabla sijaangalia rangi nageuza ndani nione mishono. Kwa hiyo acha niwageuzieni hii.

Waigizaji walipigwa picha kwanza, huko kusini mwa Italia, kwenye fukwe na magofu ya kweli. Baada ya hapo Harryhausen alijifungia na kazi yake peke yake. Nyuma iko skrini, na projekta inatupa juu yake picha moja tu ya waigizaji, imeganda. Mbele ya skrini iko meza, na juu ya meza sanamu ndogo yenye chuma ndani, viungo vyake vikiwa vya gololi ili vikae pale mkono ulipoviacha. Anasogeza mkono wa sanamu kiasi cha unywele, anapiga picha moja. Anapeleka projekta picha moja mbele, anarudi mezani, anasogeza tena. Picha 24 ndizo sekunde moja ya filamu. Na ili kiumbe asionekane amebandikwa tu mbele ya watu, alikiziba kwa rangi nyeusi, juu ya kioo kilicho mbele ya kamera, kipande cha picha kilichotakiwa kuwa mbele ya kiumbe. Kisha aliirudisha filamu nyuma na kuipiga upya, safari hii akifungua kile alichoziba na kuziba kile kilichokwisha pigwa. Kiumbe akabaki katikati ya picha moja kama bitana kati ya vitambaa viwili. Mbinu hiyo waliiita Dynamation.

Nilipoielewa habari ya bitana nilikaa nikaitazama upya sehemu nzima ya Talos. Anapotokea nyuma ya mwamba, anapoziba mlango wa ghuba kwa miguu miwili huku merikebu ikijaribu kupita chini yake, anapoiinua kwa mkono na kuitikisa watu wakimwagika baharini kama chawa kwenye shuka, kila kipande cha picha kimekatwa kwa vipimo na kuungwa, na ukingo umefichwa pale ambapo jicho halitautafuta.

Lakini ufundi wa kuunganisha picha siyo unaomfanya Talos aishi. Siri iko katika mwendo. Harryhausen miaka yote alihangaika viumbe wake watembee kwa ulaini, na hapa alifanya kinyume kwa makusudi, maana Talos ni shaba na shaba haikunjiki. Anapiga hatua kana kwamba kila goti linalalamika. Anageuka mwili mzima. Muziki wa Bernard Herrmann unamfuata na matarumbeta mazito na ngoma, bila fidla hata moja, kwa sababu Herrmann aliacha kabisa vyombo vya nyuzi vya kupigwa kwa upinde katika filamu hii. Sikio linapata uzito uleule ambao jicho linaupata.

Kisha anakufa, na hapo ndipo sijawahi kuzoea. Jason anafika kwenye kisigino, anakizungusha kizibo hadi kinafunguka, na kile kimiminika kinachochemka kinafoka na kumwagika mchangani. Talos anaacha upanga. Anajishika koo. Hebu fikiria: sanamu ya shaba, isiyo na mapafu, isiyo na pumzi ya kukatika, inajishika koo kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Hakuna sheria ya mashine inayotaka hivyo. Ni uamuzi wa mtu mmoja aliyekuwa amesimama mbele ya meza, akajiuliza kiumbe huyu anajisikiaje, kisha akamsogeza vidole unywele kwa unywele hadi koo likafikiwa. Nyufa zinatambaa kifuani, anayumba, anaanguka, na chini yake amebaki Hylas aliyerudi mbio kuifuata ile pini. Hercules anakataa kuondoka kisiwani bila kumpata, na wenzake wanasafiri bila yeye. Hadithi ya Wagiriki wa kale ilisema Talos aliilinda Krete akiizunguka mara 3 kwa siku, na kwamba uhai wake ulikuwa katika mshipa mmoja ulioishia kifundoni. Filamu imemkuza akawa mlima, lakini udhaifu wake wameuacha palepale mguuni.

Mwaka huu, wakati wa likizo, mimi na binti yangu tulijaribu. Nilishona mwanasesere wa vipande vya kaki, nikamtia waya ndani, nikamsimamisha kwenye meza ya cherehani kwa pini. Simu tuliifunga kwenye mguu wa kiti kwa mpira wa suruali isitikisike. Kazi ilikuwa moja tu: mwanasesere ageuze kichwa. Tulitumia picha 12 kwa sekunde, nusu ya zile za sinema, na mchana mzima ukatupatia sekunde 4. Tulipozitazama tuliona mambo mawili ambayo mezani hatukuyaona. Jua lilikuwa linatembea dirishani, kwa hiyo ukuta nyuma ya mwanasesere ulikuwa unawaka na kufifia. Na uzi mmoja uliochomoza begani, ambao kila mara nilikuwa naugusa kwa kidole bila kujua, ulikuwa unarukaruka kama una mdudu.

Uzi ule ulinifundisha kuliko maelezo yote niliyosoma. Katika King Kong ya 1933, filamu iliyomfanya Harryhausen achague kazi hii akiwa kijana wa miaka 13, manyoya ya sokwe yanatetemeka muda wote, na chanzo ni hichohicho: vidole vya aliyemsogeza. Alama ya mkono imebaki mwilini mwa kiumbe. Fundi aliyefanya kazi ile ni Willis O'Brien, na baadaye Harryhausen alikwenda kufanya kazi chini yake katika Mighty Joe Young ya 1949. Kabla ya hapo, alipokuwa anatengeneza hadithi fupi za watoto, baba yake alimchongea vyuma vya ndani ya wanasesere na mama yake akawashonea nguo. Nilipoisoma hiyo habari ya mama nilifurahi siku nzima. Kushona suti ya mtu mwenye kimo cha kiganja, ikae mabegani, isijikunje vibaya anaposogezwa! Mshono mnene kidogo tu na mkono hauinuki.

Sasa tufike kwenye viunzi vya mifupa, kwani ndivyo vilivyoipa filamu sifa yake duniani.

Mfalme Aeetes wa Colchis anayang'oa meno ya Hydra, lile joka la vichwa 7 ambalo Jason amekwisha liua, anayasia ardhini kama mbegu. Ardhi inapasuka. Vinatoka viunzi 7 vyenye panga na ngao, vinasimama katika mstari, vinainama kidogo, vinasogea hatua kwa hatua pamoja. Hakuna haraka. Mbele yao wapo watu 3, Jason na wenzake wawili, nao wanarudi nyuma. Kisha amri inatoka, viunzi vinapiga yowe na kukimbia.

Mapigano yale huchukua dakika chache tu kwenye skrini. Harryhausen alitumia miezi 4 na nusu kuyatengeneza. Kila kiunzi kina sehemu 5 za kusogezwa, yaani kichwa, mikono miwili na miguu miwili, kwa hiyo viunzi vyote 7 vikiwamo ni miondoko 35 kwa picha moja. Zilikuwapo siku alizomaliza na picha 13. Picha 13! Nusu sekunde, na jua limekuchwa. Na muda wote huo akumbuke kichwani kiunzi gani kilikuwa kinashusha upanga na kipi kilikuwa kinarudi nyuma, bila kuwa na namna ya kutazama alichokwisha fanya mpaka filamu isafishwe. Nimeshona matundu ya vifungo kwa mkono usiku mpaka alfajiri kwa ajili ya harusi za watu. Mkono ukichoka, mshono unakusema. Katika mapigano haya nimetafuta pale mkono ulipochoka, sijapaona.

Waigizaji nao wapewe haki yao. Walifanya mazoezi na watu halisi kwanza, halafu wale watu wakaondolewa, na kamera ilipowashwa wakapigana na hewa. Jaribu kurusha upanga kwa nguvu zote na kuusimamisha ghafla hewani, mahali hasa ambapo upanga wa adui utawekwa na mtu mwingine miezi kadhaa baadaye. Ukitazama sura ya Todd Armstrong, anayemwigiza Jason, wakati ule, macho yake yapo juu ya kitu. Yanakifuata kikienda kushoto, na kiunzi kweli kipo kushoto.

Binti yangu aliniuliza kwa nini viunzi vinatisha na hali vinaonekana si vya kweli. Nilimjibu kwamba vipo. Vilikuwa mezani, vyuma vilivyovikwa mpira na pamba, na taa iliviangaza kama inavyokuangaza wewe hapo ulipokaa. Vilevile kwamba kila kimoja kina nia: kimoja kinavizia, kingine kina pupa, kingine kinaangalia mwenzake kwanza. Akanyamaza, akarudisha nyuma kuhakikisha. Tangu siku hiyo ana kiunzi chake anachokishangilia, na sitaki kumharibia kwa kumwambia kwamba chake kilikuwa mkongwe kazini, kwa sababu vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu hii ni 6, na cha 7 kilikuwa kimeshapigana katika The 7th Voyage of Sinbad ya 1958.

Filamu ina kasoro na nitazisema, kwa sababu nataka uitazame ukijua. Maneno ya waigizaji mara nyingi ni makavu, na sauti unayoisikia ya Jason mwenyewe ni ya mwigizaji mwingine aliyewekwa juu yake. Medea, mpenzi wa Jason, anaingia akiwa amechelewa, anapenda ghafla, na hapewi nafasi ya kuwa yule mwanamke mzito wa hadithi ya kale. Miamba inayogongana nayo haijanishika kamwe. Triton, yule mtu wa baharini anayeizuia miamba kwa mabega ili merikebu ipite, ni mwigizaji wa kawaida aliyepigwa picha kwa mwendo wa polepole ndani ya maji, na maji hayakubali kupunguzwa kimo: matone yanabaki makubwa kama zabibu, na jicho linajua papo hapo kwamba bahari ile ni ya tangi.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho. Pelias, mnyakuzi aliyeua ili akalie kiti, mtu ambaye safari nzima imeanza kwa sababu yake, haadhibiwi. Hatumwoni tena. Jason anamkumbatia Medea, Zeus anasema mchezo utaendelea siku nyingine, na filamu imekwisha. Ni kama kumletea mteja koti zuri lisilo na mkono mmoja.

Kuna sehemu moja ndogo inayosahaulika nami naipenda sana: Phineas, mzee kipofu aliyelaaniwa, anayeporwa chakula kila akiketi kula na viumbe wawili wenye mabawa ya popo. Imepigwa katika hekalu la Paestum, nguzo za kweli zilizosimama tangu enzi za Wagiriki, na kivuli cha mchana kinaanguka juu ya zile nguzo kwa namna ambayo hakuna rangi ya kuchora ingeweza. Patrick Troughton anamwigiza Phineas kwa hasira na njaa ya kweli. Mmoja wa wale viumbe anamvuta mkanda hadi unamfunguka, na mkanda ule ni kitambaa halisi, umevutwa kwa waya mwembamba mbele ya kamera, kisha mnyama wa mezani amepangwa ashike ncha yake. Nimesimamisha picha pale mara kadhaa. Kiungo cha kitambaa halisi na mkono wa sanamu hakionekani.

Mwaka ule tuzo ya Oscar ya ufundi wa picha za ajabu ilikwenda kwa Cleopatra, na Jason and the Argonauts haikuwekwa hata kwenye walioshindania. Ilibidi ifike 1992 ndipo Harryhausen alipopewa tuzo ya heshima ya Gordon E. Sawyer, akikabidhiwa na rafiki yake wa ujana, mwandishi Ray Bradbury. Alifariki London 2013, akiwa na miaka 92. Miaka 29, tangu 1963 hadi 1992, ni mingi mno kumsubirisha mtu aliyeketi miezi 4 na nusu kwa ajili ya dakika chache za furaha yetu.

Kwa anayetaka kuinunua: tafuta diski ya Blu-ray iliyotoka 2010. Picha imesafishwa vizuri, na ina maelezo mawili ya sauti ya kusikiliza huku unatazama, moja likiwa la Harryhausen mwenyewe na lingine la mwongozaji Peter Jackson akiwa na Randall William Cook. Usafi wa picha umefichua jambo jipya pia: kila kiumbe anapokaribia kutokea, picha inapata chembechembe zaidi na rangi inapauka kidogo, kwa sababu nyuma umewekwa mkanda uliopigwa mara ya pili. Wapo wanaokereka. Mimi imekuwa kama harufu ya mvua, najua kitu kinakuja.

Na kabla hujabonyeza kitufe, ingia kwenye mipangilio ya runinga yako ukazime kile cha kulainisha mwendo. Runinga nyingi mpya huja kimewashwa. Tulipopata mpya sikujua, nikaiweka filamu, na viunzi vikawa vinateleza kama vimepakwa sabuni. Mashine ilikuwa inabuni picha za katikati ambazo Harryhausen hakuzipiga, na pigo lote la panga likapotea. Nilidhani diski ni mbovu, nikairudisha dukani na kugombana na muuzaji kwa jambo lililokuwa ndani ya sebule yangu.

Mtoto wa miaka 8 na kuendelea ataimudu, ingawa nusu saa ya kwanza ni ya maneno mengi na itabidi umvumilie aulize. Usimpeleke moja kwa moja kwenye viunzi. Mwache amsubiri Talos.

Mwanasesere wetu wa kaki bado amesimama mezani, upande wa kushoto wa cherehani, na nimepigwa marufuku kumgusa. Dirisha sasa tunaliziba kwa khanga na kuwasha taa moja. Ule uzi wa begani nimeukata. Binti yangu amesema safari hii kichwa kikimaliza kugeuka, mkono uanze kupanda kuelekea kooni, na tumeshapiga picha 61.